Mgonjwa asilazimike kuficha dawa zake za Kichina

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mfamasia mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliimaliza nyuma ya dirisha la dawa la kliniki ya moyo, na swali ninaloulizwa hadi leo, kwa simu na hata njiani, ni hili: "Daktari ameniandikia dawa, nami natumia za Kichina pia. Niendelee na zote?" Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu swali hilo kwa urefu, maana majibu mafupi ndiyo yaliyotufikisha pabaya.

Majibu mafupi nayajua, ni mawili tu. Daktari aliyechoka na foleni humwambia mgonjwa atupe takataka hizo leo hii. Muuza dawa za Kichina humwambia asihofu, hii ni mizizi na majani, haina kemikali, haigombani na kitu. Yote mawili yameumiza watu. La muuzaji linaumiza kwa kuwa si kweli. La daktari linaumiza kwa njia nyingine: mgonjwa hatupi kitu, anarudi nyumbani na kuanzia siku hiyo hasemi tena.

Nianze na warfarini, dawa ambayo mgongano wake na mitishamba niliuona kwa macho yangu. Hupewa mwenye valvu bandia ya moyo, mwenye moyo unaodunda bila mpangilio, au aliyepata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu. Kazi yake ni kulizuia ini lisitumie vitamini K kutengeneza protini zinazogandisha damu. Ikizidi, mtu anavuja damu, pengine ndani ya kichwa. Ikipungua, bonge linajijenga na kusafiri hadi kwenye ubongo. Nafasi iliyopo kati ya kupona na kuumia ni finyu, na ndiyo sababu damu hupimwa mara kwa mara kwa kipimo kiitwacho INR. Asiyetumia dawa hii huwa karibu na 1. Anayeitumia kwa kawaida hutakiwa akae kati ya 2 na 3, na baadhi ya wenye valvu za chuma huwekwa juu kidogo ya hapo.

Kulikuwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye valvu bandia. Aliandika vipimo vyake kwenye daftari kwa mwandiko wa ubaoni, na kwa muda mrefu havikuyumba. Halafu kipimo kikaruka kupita 6. Fizi zilikuwa zikitoa damu akipiga mswaki, na mapajani alikuwa na michubuko asiyojua imetoka wapi. Dozi ikapunguzwa, kipimo kikashuka, kisha kikapanda tena. Aliulizwa kuhusu mboga za majani, pombe, antibiotiki, kila kitu kilichomo kwenye orodha yetu. Yote akajibu hapana, na alisema kweli.

Nilimvuta pembeni. "Mzee wangu, kuna kitu kingine unachokunywa, hata kama ni cha kujisaidia tu?" Akatazama kwanza mlango wa chumba cha daktari. "Mwanangu, usinishtaki," akasema, kisha akatoa mfukoni kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nyingi. Ndani yake mlikuwa na vipande vyekundu vya mzizi. Ilikuwa danshen, mzizi ambao nchini China umetumika kwa karne nyingi kwa maumivu ya kifua na mzunguko wa damu. Alikuwa akiuchemsha na kuunywa kila alipohisi kifua kinabana, na siku za nafuu aliuacha. Ndiyo maana kipimo kilikuwa kikipanda na kushuka bila mtu kuelewa. Nilipomwuliza mbona hakusema, alijibu kwamba aliwahi kusema katika kliniki nyingine, akafokewa mbele ya wagonjwa wenzake, mzee wa umri wake. Hakuwa tayari kuaibishwa tena.

Danshen huongeza nguvu ya warfarini, na yenyewe pia hupunguza kuganda kwa damu. Kwa hiyo zikikutana mgonjwa anasukumwa upande mmoja na vitu viwili. Kuna taarifa kama hizo za danggui, mzizi ambao wanawake wengi hupewa kwa matatizo ya hedhi, na za gouqi, yale matunda madogo mekundu yanayonywewa kama chai. Ila msomaji asidhani mimea yote ya Kichina inaisukuma warfarini upande huo huo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowapa watu 20 wenye afya warfarini, kisha baadhi yao wakaongezewa ginseng ya Kimarekani, ambayo Wachina nao huitumia sana na kuiita xiyangshen. Kipimo cha waliopewa ginseng kilishuka. Mtu mwenye valvu anayekunywa ginseng ili apate nguvu anaweza kujikuta warfarini yake imelegea bila dalili yoyote, hadi siku bonge la damu litakapotokea.

Kuna jambo ambalo wanaoamrisha "acha leo hii" hawalifikirii. Dozi ya mzee yule ilikwishapunguzwa ili kufidia danshen ambayo hatukuijua. Kama angeiacha ghafla siku ile bila kupimwa, dozi iliyopunguzwa isingetosha, na valvu yake ingeweza kuziba kwa damu iliyoganda. Daktari wake, na namshukuru, alikubali tuende naye taratibu: danshen ikaachwa kwa makubaliano, damu ikapimwa kwa karibu, dozi ikapandishwa kadiri kipimo kilivyoshuka. Kuacha mtishamba nako ni kubadili tiba, na kubadili tiba kunahitaji kipimo. Hili naomba lisomwe na madaktari vijana kuliko mtu mwingine yeyote.

Nije kwenye ushauri unaosambaa sana, wa kuacha saa mbili kati ya dawa ya Kichina na ya hospitali. Una ukweli kidogo. Dawa za Kichina haziishii kwenye mimea, kuna madini na magamba pia: jasi, iitwayo shigao, magamba ya chaza, yaitwayo muli, mifupa ya kale ya wanyama, iitwayo longgu. Hivi vyote vina kalsiamu, na kalsiamu hushikana tumboni na antibiotiki kama tetrasaiklini na siprofloksasini, au na levothairoksini wanayotumia wenye tezi ya shingo iliyolegea, dawa ikapita bila kuingia mwilini. Hapo kutenganisha muda kunasaidia, ingawa kwa levothairoksini saa mbili hazitoshi, zinatakiwa nne. Lakini migongano mingi iliyo hatari haitokei tumboni. Hutokea kwenye ini, kwenye damu, kwenye figo, kwenye moyo wenyewe, na huko saa mbili hazibadilishi kitu. Ini ni kama karani mmoja anayehudumia foleni nzima: mzizi mmoja ukimshika, dawa nyingine zinasubiri na kujazana kwenye damu, mzizi mwingine ukimharakisha, dawa zinasukumwa nje kabla hazijafanya kazi. Hali hiyo hudumu kwa siku kadhaa, wala haijali kama dawa moja ilimezwa asubuhi na nyingine usiku.

Je, maana yake ni kwamba visichanganywe kamwe? Hapana, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa wuweizi, tunda dogo ambalo Wachina husema lina ladha tano. Aina yake moja ina viambato vinavyozuia vimeng'enya vinavyovunja takrolimasi, dawa inayouzuia mwili usiikatae figo iliyopandikizwa. Madaktari wa China hawakuishia kuandika onyo. Walianza kuwapa wagonjwa wa upandikizaji vidonge vya wuweizi kwa makusudi pamoja na takrolimasi, ili dawa ifikie kiwango kinachotakiwa kwa dozi ndogo, maana takrolimasi ni ghali na mgonjwa huimeza maisha yake yote. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu wanapima kiwango cha takrolimasi kwenye damu na kurekebisha dozi. Sasa mfikirie mgonjwa mwingine anayekunywa wuweizi ile ile kwa siri, kwa ajili ya usingizi. Takrolimasi inajazana bila daktari kujua sababu, na dawa iliyopaswa kuilinda figo inaanza kuiharibu. Mmea ni ule ule na dawa ni ile ile, ila wa pili hakuna anayempima kwa kuwa hakuna anayejua.

Na hao wanaosema mimea haidhuru wanapingana na walimu wa tiba wanayoiuza. Wanafunzi wa tiba ya Kichina hukariri, tangu karne nyingi zilizopita, orodha ya michanganyiko 18 iliyokatazwa, na nyingine ya 19. Kwa majina ya Kichina ya mimea hiyo, gancao haiendi na gansui. Wutou haiendi na banxia. Ginseng haiendi na lilu. Fuzi, mzizi wenye akonitini inayoweza kuuvuruga moyo hadi ukasimama, hauandikwi mpaka uwe umelowekwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Maandiko yao ya kale zaidi kuhusu dawa, yale yanayohusishwa na Shennong, mfalme wa hadithi za kale za China, yalipanga dawa 365 katika madaraja matatu, na la chini kabisa likawa la zile zenye sumu zisizofaa kunywewa kwa muda mrefu. Hao hawakuwa watu wa kusema "hii ni asili tu, kunywa".

Wala kuchanganya na dawa za Ulaya hakukuanza jana. Tabibu Zhang Xichun, aliyefariki mwaka 1933, alikuwa akiandika aspirini pamoja na jasi kwa wagonjwa wa homa, akijua kwa nini anaweka kila kimoja. Tangu miaka ya 1950 serikali ya China imefundisha madaktari tiba zote mbili, na hospitali nyingi kule zina idara zote mbili chini ya paa moja.

Kwa madaktari wanaosema "takataka" nina mifano miwili. Mwaka 1971 mtafiti Tu Youyou na wenzake huko Beijing walipata kutoka kwenye mmea uitwao qinghao kiini kilichoua vimelea vya malaria, baada ya yeye kusoma maelekezo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, yaliyosema mmea ule ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa. Maelekezo hayakutaja kuchemsha, naye akafikiri huenda joto ndilo linaloharibu dawa, akatumia etha isiyohitaji moto mkali. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo kiini hicho, kiitwacho artemisinini, hakitolewi peke yake kwa malaria ya kawaida. Huambatanishwa na dawa nyingine ili vimelea visiwe sugu, na dozi zote zimepimwa. Mfano wa pili ni aseniki, sumu ya kale katika tiba ya Kichina, ambayo madaktari wa mji wa Harbin, China, waliijaribu miaka ya 1970 kwa saratani ya damu. Ilionekana kufanya kazi kubwa kwa aina moja, iitwayo saratani kali ya promailosaiti, na mwaka 2000 Marekani nayo iliiidhinisha. Hutolewa sambamba na dawa itokanayo na vitamini A, na mgonjwa hupimwa umeme wa moyo na potasiamu mara kwa mara, kwa kuwa aseniki inaweza kuvuruga mapigo. Ndivyo mchanganyiko mzuri unavyokuwa. Kuna anayejua kilichomo, kuna anayepima.

Ninachokiogopa zaidi kwa msomaji wa kawaida si mizizi inayoonekana kwa macho. Ni vidonge na chengachenga za paketi, kwa kuwa ndani ya nyingi mnaweza kuwa na dawa za hospitali. Wakati mwingine zimo kihalali na zimeandikwa, ila kwa Kichina. Vidonge vya mafua viitwavyo Vitamin C Yinqiao vina parasetamoli na klofenamini, dawa ya mzio, pamoja na mitishamba yake. Chengachenga za Ganmaoling nazo zina parasetamoli. Mtu mwenye mafua anameza hizo, anaongeza vidonge vyake vya maumivu, anaongeza dawa ya homa ya usiku, na anaivuka gramu 4 za parasetamoli kwa siku, kiwango ambacho mtu mzima hapaswi kukizidi, bila kujua kwamba amekunywa dawa moja mara tatu. Xiaoke Wan, vidonge vya kisukari vinavyojulikana sana China, vina glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, na haikufichwa, imo kwenye maelezo yake. Lakini mgonjwa wa kisukari asiyesoma Kichina, aliyekwisha kuandikiwa glibenklamidi na daktari, akiviongeza "kama mitishamba tu", sukari yake inaweza kuporomoka akiwa usingizini.

Wakati mwingine zimefichwa kwa makusudi, na huo ni uhalifu. Mwaka 2002 Marekani ilitangaza kuondolewa sokoni kwa PC-SPES, mchanganyiko wa mitishamba minane uliouzwa kwa wenye saratani ya tezi dume, baada ya warfarini kugunduliwa ndani yake. Uchunguzi mwingine ulikuta homoni bandia ya kike na dawa ya maumivu katika baadhi ya matoleo. Mwaka 2008 huko Singapore, watu 150 wasio na kisukari walilazwa ndani ya miezi mitano kwa sukari kushuka vibaya, na 4 wakafa. Chanzo kilikuwa dawa haramu za nguvu za kiume, baadhi zikiuzwa kama mitishamba, zilizotiwa glibenklamidi. Ukiona dawa ya viungo inayomaliza maumivu ya miaka kwa siku mbili, uso ukaanza kuvimba na presha kupanda, fikiria steroidi iliyofichwa, na usiiache ghafla kabla ya kuonana na daktari, kwa kuwa mwili uliozoea steroidi unaweza kuzirai ikikatwa.

Kwa wagonjwa wa moyo na presha niseme kuhusu gancao, mzizi mtamu unaoingizwa katika michanganyiko mingi mno ya Kichina ili kuisuluhisha mimea mingine. Ukinywewa kwa wingi na kwa muda mrefu huufanya mwili ushike chumvi na kupoteza potasiamu. Presha inapanda licha ya vidonge. Kama mgonjwa anatumia pia furosemaidi au dawa nyingine ya kukojoza inayopoteza potasiamu, potasiamu inashuka kutoka pande mbili, na kama anatumia digoksini, dawa ya moyo, basi dozi ile ile aliyoizoea inageuka sumu. Dalili zake ni kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kuona vitu kwa rangi ya manjano, mapigo kwenda polepole au kurukaruka. Chansu, utomvu mkavu wa chura unaotiwa katika vidonge vidogo vya koo viitwavyo Liushen Wan, hufanya kazi kwenye moyo kama digoksini, na hata kipimo cha maabara cha digoksini kinaweza kudanganywa nao. Mahuang ina efedrini, nayo hupandisha presha na kuharakisha moyo. Hongqu, ule wali uliochachushwa na ukungu mwekundu, una kiambato ambacho ni lovastatini yenyewe, kwa hiyo anayetumia dawa ya kolesteroli ya jamii hiyo anajiongezea dozi, na misuli yake ndiyo inayoumia.

Kuna michanganyiko ambayo jibu langu ni hapana bila mjadala. Xiaochaihu tang, mchanganyiko wa heshima kubwa uliotumiwa sana Japani kwa magonjwa ya ini, ulipotolewa pamoja na interferoni, dawa ya sindano ya homa ya ini, ulihusishwa na homa kali ya mapafu isiyotokana na vimelea. Mwaka 1996 serikali ya Japani ilitoa onyo la dharura lililotaja vifo 10, na viwili hivyo haviruhusiwi kukutana. Na mmea wowote wa jamii ya Aristolochia usinywewe na mtu yeyote, awe na dawa nyingine au asiwe nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kliniki ya kupunguza unene huko Brussels, wanawake zaidi ya 100 waliharibiwa figo baada ya mzizi mmoja, han fangji, kubadilishwa na guang fangji, unaofanana nao kwa jina lakini wenye asidi ya aristolokia. Baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo baadaye. Nalitaja hapa kwa sababu huonyesha kwamba hata jina la nusu halitoshi. Jina la mmea liandikwe lote, la Kichina na la kisayansi, pamoja na sehemu iliyotumika.

Ndiyo maana ombi langu kwa kila msomaji anayetumia dawa za aina zote mbili ni karatasi moja. Andika kila unachomeza, kunywa, kupaka na kudungwa, dozi yake, na tarehe uliyoanza. Paketi zisitupwe, zipigwe picha pande zote hata kama maandishi huyasomi, maana wapo wa kuyasoma. Karatasi hiyo ionwe na daktari, mfamasia na tabibu wa Kichina. Usianze vitu viwili vipya wiki moja, kwa kuwa ukiumwa hutajua ni kipi. Anayetarajia upasuaji aseme mapema, kwa kuwa madaktari wa usingizi wa Marekani, kwa mfano, hushauri mitishamba iachwe wiki mbili kabla. Mjamzito, mwenye figo au ini dhaifu, aliyepandikizwa kiungo, anayetumia dawa za saratani, za kifafa, za VVU au warfarini, asiongeze hata chai ya dawa kabla ya kuuliza. Mkojo ukiwa mweusi, macho yakiwa ya njano, kinyesi kikiwa cheusi kama lami, moyo ukirukaruka au mtu akichanganyikiwa, aende hospitali na paketi zake zote mkononi.

Tabibu wa Kichina anayejiheshimu ataandika fomula yake yote. Anayekataa kwa kusema ni siri ya ukoo, ondoka kwake. Simaanishi kwamba ni mwongo. Ila mtu mwenye dawa nyingine mwilini hawezi kutibiwa kwa siri.

Na daktari aulize kwa sauti inayojibika. "Hutumii mitishamba, sivyo?" si swali, ni onyo. Nilipokuwa kazini niliuliza hivi: "Wengi wanaotumia dawa hii hunywa na nyingine za kuwasaidia. Wewe unatumia zipi?" Watu walifungua mikoba yao. Mzee niliyemtaja hakuhitaji uchunguzi wa gharama, alihitaji mtu wa kumwuliza bila kumfokea, na hadi leo inaniuma kwamba aliyemfokea alikuwa mtu wa taaluma yetu.

Kwako Mhariri nina ombi la mwisho. Magazeti huchapa matangazo ya dawa za Kichina za kisukari, presha, viungo na nguvu za kiume, na mengi hayataji hata kiambato kimoja. Naomba gazeti lako lisikubali tangazo la dawa ya kumeza lisilotaja viambato vyote na mtengenezaji. Na yale yatakayokubaliwa yabebe mstari mmoja, kwa herufi zenye ukubwa sawa na za bei: "Kama unatumia dawa nyingine yoyote, mwonyeshe daktari au mfamasia wako tangazo hili kabla ya kununua." Kama mtahitaji mtu wa kuyapitia kabla hayajachapwa, niko tayari kuifanya kazi hiyo bila malipo.

Wako,
Mfamasia mstaafu